Vuli Haipukutishi Majani

Oktoba iliyopita nilikuwa California, nchini Marekani, nyumbani kwa binti yangu. Yeye na mumewe walichukua likizo fupi wakanipakia garini pamoja na mjukuu wangu wa miaka kumi na mmoja, tukaelekea kaskazini kwa barabara namba 395, ile inayopita chini ya ukuta wa mashariki wa milima ya Sierra Nevada. Lengo la safari lilikuwa moja tu: kutazama majani ya miti yanavyogeuka rangi kando ya maziwa ya mlimani kabla hayajaanguka. Watu wa huko husafiri mamia ya maili kwa ajili hiyo. Nilidhani ni upuuzi wa matajiri mpaka nilipoyaona kwa macho yangu.

Asubuhi ya siku ya pili, tukiwa katika mji mdogo wa Bishop, mjukuu alimpigia simu bibi yake aliyeko Lushoto. Huku ilikuwa saa tatu asubuhi, kule saa moja jioni. Mtoto alikuwa na furaha isiyo kifani. Akasema, "Bibi, huku ni vuli. Kumependeza sana."

Bibi akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Alhamdulillahi. Mmeshapanda?"

"Kupanda nini, Bibi?"

"Mahindi na maharage. Au huko hata vuli ikinyesha hamlimi?"

Binti yangu alicheka hadi akaweka kikombe mezani. Mkwe wangu naye akacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilijua ni nani kati ya wale wawili aliyekuwa akisema Kiswahili na ni nani aliyekuwa amefundishwa kitu kingine kilichovikwa kanzu ya Kiswahili. Nilimwuliza mtoto amelitoa wapi neno hilo. Akanionyesha simu yake: aliandika jina la Kiingereza la majira yale, programu ya kutafsiri ikamrudishia vuli, basi.

Washairi wenzangu, siiandikii makala hii ile simu. Simu haina kosa, kwa maana inarudisha kile tulichoilisha. Naiandikia sisi. Kwa miaka mingi sasa nimekuwa nikisoma humu na kwingineko mashairi ya vijana wetu walioko Ulaya na Amerika, na hata ya wengine ambao hawajavuka Namanga, yenye "vuli" ambamo majani yanapukutika, baridi inabisha hodi na mpenzi amevaa koti. Nimesoma hadithi za watoto zilizofasiriwa ambamo "vuli ilipofika" sungura alianza kukusanya chakula cha kumwezesha kuvuka theluji. Nimesoma tangazo la semina ya chuo kikuu kimoja cha ng'ambo lililoita muhula wake "muhula wa vuli". Kila mara nilikunja uso nikapita. Safari hii sipiti.

Vuli ni mvua. Mtoto yeyote wa Tanga, wa Moshi, wa Unguja, wa Mombasa au wa Bukoba anajua. Ni zile mvua za mwisho wa mwaka, kati ya Oktoba na Desemba, fupi kuliko masika na zisizotabirika kama masika. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa mvua za vuli kila mwaka, na mkulima wa Usambara huusikiliza redioni ili aamue kama atie mbegu ya mahindi au ya maharage, au atie zote na kumwachia Mungu. Vuli ikija kwa ghadhabu, kama ile ya mwaka 1997 iliyoletwa na El Nino, hubomoa madaraja. Vuli isipokuja, Januari watu hununua unga kwa debe. Hilo ndilo neno ambalo wafasiri wetu wamelitwaa wakalibandika kwenye msimu wa majani makavu.

Tena hawakulibandika karibu na maana yake. Wamelibandika kinyumenyume. Vuli ikiingia kwetu, majani huota. Vumbi hulala, kumbikumbi hutoka ardhini jioni na kuizonga taa, na mteremko uliokuwa na rangi ya ugoro huwa wa chanikiwiti kwa muda wa wiki mbili. Ukimwambia mtu wa Korogwe kwamba katika vuli majani hupukutika, umemwambia kwamba jua linachwea mashariki.

Nina haki gani ya kusema kwa ukali namna hii? Sina nyingi, maana mimi mwenyewe nimo katika dhambi hiyo, na afadhali niitoe hapa kabla mwanafunzi wangu yeyote wa zamani hajanitolea. Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka mmoja, katika mtihani wa ndani wa kidato cha pili, tulitumia kifungu cha ufahamu kilichokuwa kimefasiriwa kutoka Kiingereza. Kilisimulia kijiji cha Ulaya. Swali la nne liliuliza, "Taja dalili mbili za kuingia kwa vuli." Mwongozo wa usahihishaji ulitaka majani kubadilika rangi na ndege kuhama. Kijana mmoja, mtoto wa mkulima, aliandika: mawingu kutanda upande wa bahari, na kumbikumbi kutoka. Nikampa sifuri.

Alinifuata ofisini kwa adabu zote. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba." "Mwalimu, kwetu vuli ikiingia majani huota." Nikamjibu jibu ambalo walimu wote tunalo mfukoni: "Jibu kwa mujibu wa kifungu." Akasema, "Sawa, Mwalimu," akatoka. Karatasi ile ilibaki na sifuri yake. Yule kijana alikuwa na lugha, mimi nilikuwa na mwongozo, na nilitumia kalamu nyekundu kumfundisha kwamba Kiswahili cha mama yake ni kosa mbele ya Kiswahili cha kifungu. Huko Bishop, mke wangu alipouliza "Mmeshapanda?", nilimwona yule kijana amesimama mlangoni.

Najua utetezi utakaoletwa, kwa maana nimeujibu mara nyingi katika vikao vya chai. Wa kwanza husema kwamba miezi inalingana. Huko kaskazini ya dunia majani huanguka kati ya Septemba na Novemba. Vuli yetu ni Oktoba hadi Desemba. Basi si jambo moja? Si jambo moja. Huko ni kulinganisha kalenda, wala si kulinganisha majira. Wachukue wenye hoja hii wakaitumie Afrika Kusini. Cape Town majani ya miti ya kizungu huanguka Machi, Aprili na Mei. Je, hiyo nayo ni vuli? Ikiwa ni vuli, basi vuli ya Cape Town inanyesha, samahani, inapukutika wakati Tanga iko katika masika. Na ikiwa si vuli kwa kuwa miezi haikubali, basi mtuambie yale majira ya Cape Town yaitweje, maana ni majira yale yale ya Bishop, yana majani yale yale na baridi ile ile.

Wa pili husema lugha hukua na maneno hupanua maana. Kweli. Lakini kupanua ni kuongeza chumba nyumbani, si kuhamisha wenye nyumba. Neno "kalamu" lilipoacha unyoya na mwanzi likaifuata chuma na plastiki, kazi ya kuandika ilibaki ndani yake. Katika "vuli" ya wafasiri hakuna kilichobaki: si mvua, si mbegu, si matope. Imebaki sauti tu.

Hapo huinuka mjuzi wa Kiarabu na kunikumbusha kharifu. Hoja hii naiheshimu, kwa hiyo nitakaa nayo. Katika Kiarabu sanifu kharifu ni hayo majira ya majani kuanguka. Lakini ukienda Salala, kusini mwa Omani, kharifu ni msimu wa manyunyu na ukungu unaoletwa na pepo za kusi, tangu mwishoni mwa Juni hadi Septemba, na milima ya Dhofari iliyokuwa mikavu hugeuka kijani kibichi. Ndugu zetu wengi walioko Maskati hupanda magari na familia zao kwenda kuutazama ukijani huo, kama vile Wamarekani wanavyokwenda kuutazama umanjano. Basi, asema mjuzi, ikiwa Waarabu wamelifanya neno la kupukutika kuwa neno la mvua, kwa nini sisi tusilifanye neno la mvua kuwa neno la kupukutika?

Kwa sababu watu wa Dhofari waliutazama mlima wao. Hawakuandikiwa kutoka Baghdadi kwamba kharifu yao ni kosa. Walilichukua neno wakalitia kazini katika ardhi yao, likaota. Sisi tumefanya kinyume: tumelichukua neno lililokuwa kazini katika ardhi yetu tukalipeleka kuhudumia mlima wa watu wengine, na sasa mtoto wetu akiliona katika simu haimjii mvua. Nani amewahi kumsikia Mdhofari akipewa sifuri kwa kutaja ukungu?

Sababu ya kweli ya kosa hili, washairi, si kalenda wala Kiarabu. Ni mizani. Hebu tusemezane kama wenye kazi moja. Tafsiri ndefu iliyozoeleka vitabuni, "majira ya kupukutika kwa majani", ina mizani kumi na tatu. Shairi la mizani kumi na sita kwa mshororo linabakiwa na mizani mitatu ya kusema jambo lolote! "Vuli" ina mizani miwili, nayo inaishia na "li", kina ambacho hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza hukijaza: mbali, kali, kweli, asali, hali. Mshairi wa Minneapolis anayetaka kuingiza majani makavu katika ukwapi wake anaona mlango wa mizani miwili uko wazi, anapita. Ninamwelewa. Nami nimewahi kupita milango ya namna hiyo, na nina mashairi mawili ambayo nisingependa yafufuliwe.

Lakini sarufi yetu imekwisha kutupa mlango mwingine, sisi ndio tumeuegemea bila kuugeuza kitasa. Badilika, mabadiliko. Sikitika, masikitiko. Tetemeka, tetemeko. Chipuka, machipuko, na hili la mwisho tayari linatumika kwa yale majira yao ya miti kuchanua upya. Basi, pukutika, mapukutiko. Mizani mitano. Linasimama peke yake bila "majira ya" kulishika mkono, na halimwibii mkulima chochote. Sidai kwamba nimelitunga. Neno linalofuata kanuni iliyo wazi hivi haliwezi kuwa mali ya mtu. Nasema tu kwamba lipo, ni jepesi, ni zuri masikioni, na kina chake cha "ko" si haba.

Usiku ule pale Bishop niliandika ubeti mmoja nyuma ya risiti ya mafuta. Nauweka hapa kama kielelezo cha fundi kwa mafundi, si kama shairi la kuhifadhiwa:

Nimepanda milimani, kwa gari na mizunguko,
Nikaona maziwani, manjano yenye kicheko,
Sikuiona nyumbani, vuli yenye pukutiko,
Vuli ni mbegu shambani, haya ni mapukutiko.

Mtasema nimekirudia kina kwa neno moja lililoongezwa "ma". Nimefanya makusudi, na pia nilikuwa nimechoka.

Wako wanaopendekeza demani badala ya vuli. Nia yao naijua: wanakimbia mvua. Lakini demani ni ya mabaharia. Ni mwisho wa kusi, bahari inapotulia na upepo kulainika, kabla ya kaskazi kushika zamu. Wazee wetu wa pwani walikuwa na hesabu ya jua iliyoanzia Nairuzi na kugawa mwaka kwa miongo ya siku kumi kumi, wakajua mwongo gani wa kupanda na mwongo gani wa kushusha jahazi. Neno lenye nyumba kama hiyo halihitaji kwenda kupanga chumba kwenye milima ya Sierra.

Na tusidanganyane kwamba kwetu majani hayapukutiki, ndiyo maana hatuna neno. Hupukutika sana, ila kwa sababu nyingine na wakati mwingine. Mbuyu husimama uchi miezi mingi ya kiangazi kwa kiu. Niliwahi kufundisha upande wa Tabora, kwenye misitu ya miyombo. Huko hakuna vuli wala masika; kuna msimu mmoja wa mvua, tangu Novemba hadi Aprili. Majani ya miyombo huanguka wakati wa ukavu, kisha Septemba na Oktoba, kabla tone la kwanza halijadondoka, miti huchipua majani mapya ambayo si ya kijani. Ni mekundu, ya shaba, ya rangi ya machungwa, ya damu ya mzee. Msitu mzima huwaka. Mgeni kutoka Ulaya aliyekuwa akifundisha nasi aliusifu msitu huo kwa jina la majira ya kwao ya majani kufa. Tukamwambia, hapana, bwana, hii ni miti inazaa. Rangi zile zile alizoziona kwao mwisho wa jani, huku ni mwanzo wa jani. Ukimwandikia mtoto wa Sikonge kwamba wekundu wa majani ni dalili ya kuanguka, umemkosesha tena.

Basi nirudi kwenye yale maziwa, maana sikwenda huko kugombana tu. Barabara namba 395 hupita Lone Pine, na hapo huuona mlima Whitney, wenye mita 4,421, mrefu kuliko yote ya Marekani ukiacha ile ya Alaska. Mkwe wangu alinionyesha kwa fahari. Nikamwambia kwa upole kwamba Meru wetu unaupita, naye hana makelele. Kutoka Bishop tulipanda kwa barabara ya 168 hadi ziwa Sabrina, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, na kesho yake tukazunguka barabara ya 158 yenye maziwa manne yaliyofuatana kama shanga: June, Gull, Silver na Grant. Maji yake ni baridi na ya samawati iliyokolea. Kandokando yake kuna miti ya aspeni, yenye magome meupe kana kwamba yamepakwa chokaa, na majani ya manjano ambayo hayatulii.

Mkwe wangu alisema kitu pale ambacho pia nimekisikia humu: kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuziandika rangi hizi. Nikamwomba asimamishe gari. Nikamwambia, tazama ule mti, ni manjano ya bizari. Ule wa nyuma ni zafarani. Ule ulio kivulini ni rangi ya ndimu iliyoanza kuiva. Lile kundi la juu ni la kutu. Yale yaliyoanguka majini na kulowana ni ukoko wa wali uliokaribia kuungua. Magome ni chokaa, mawe ni majivu, na vile vichaka vidogo vyekundu mwambani ni damu ya mzee. Rangi za Kiswahili zinatoka jikoni, sokoni na shambani. Atakayezitafuta katika kabati la makopo ya rangi hatazipata. Mjukuu alizirudia moja moja. Ndimu na ukoko alizipenda zaidi.

Hata kwa nini jani la aspeni linatetemeka, lugha inatosha kueleza. Kikonyo chake kimebanwa ubavuni, bapa, hivyo upepo mdogo tu hukiyumbisha kulia na kushoto na jani zima hupepea. Umanjano nao hauji kutoka nje. Siku zinapofupika na baridi ikaingia, jani huacha kutengeneza umbijani, ule wa kijani huvunjika, na manjano iliyokuwemo tangu mwanzo huonekana. Mti hujenga ukuta mwembamba kwenye shina la kikonyo, njia ya maji huzibwa, jani linapukutika. Nilimweleza hayo yote mtoto wa darasa la sita la Marekani bila kukopa zaidi ya jina la mti.

Akaniuliza kwa nini kundi moja la miti lilikuwa la manjano lote na la jirani lilikuwa bado kijani lote, kana kwamba kuna mpaka. Hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Miti ile huchipuka kutoka katika mizizi iliyoungana; kundi zima huweza kuwa mmea mmoja. Katika jimbo la Utah liko kundi moja la namna hiyo, lililopewa jina la Pando, lenye mashina zaidi ya 40,000 kwenye ekari zipatazo mia moja, mizizi yake ikiwa ni ile ile. Vitabu vya Kiingereza hulieleza jambo hili kwa mshangao mkubwa. Nilimwuliza mjukuu, "Umeuona mgomba wa bibi yako nyuma ya jiko?" Akasema ndiyo. "Una mashina mangapi?" "Mengi." "Na ni migomba mingapi?" Akafikiri. "Mmoja, Babu." Hakuhitaji maelezo zaidi. Kila Mhaya, Mchaga na Msambaa ameishi na kundi lenye asili moja tangu utoto.

Na tulipofika ziwa Mono, lugha yetu ilitembea mbele yangu. Ni ziwa lisilo na mto unaotoka, lenye chumvi mara mbili hata tatu ya bahari, na maji yake huteleza mkononi kama sabuni. Kibao kilieleza kwa aya mbili ndefu ni ziwa la aina gani. Mimi nilisema neno moja: magadi. Ni ndugu wa Natron na wa Magadi yenyewe ya Kenya. Huko kwetu heroe hulisha, na kule wakati wa mapukutiko hushuka vibisi kwa mamia ya maelfu kula uduvi wa maji ya chumvi kabla ya kuruka kusini. Tangu mwaka 1941 jiji la Los Angeles liliichepusha mito inayolilisha ziwa hilo, likakauka hadi minara ya chokaa iliyokuwa chini ya maji ikabaki nchi kavu. Mwaka 1994 bodi ya maji ya jimbo iliamuru liachwe lijae tena, na bado halijafika kiwango kilichoamriwa. Kwa mtu anayetaka kuandika kuhusu nchi zile, shairi liko hapo, limekaa juu ya jiwe linangoja. Magadi, uduvi, vibisi, mapukutiko. Hakuna hata neno moja hapo lililoporwa shambani kwa mtu.

Ninachotaka ni kidogo. Wahariri wa kurasa hizi, shairi likija na vuli yenye majani makavu, mrudishieni mwenyewe kwa heshima na mumwombe atafute mizani mitatu zaidi. Wafasiri wa vitabu vya watoto, pigeni simu kijijini kabla ya kuchapa. Walimu wenzangu mlioko bado madarasani, kifungu kikigombana na mtoto juu ya vuli, mpeni mtoto alama.

Nilirudi nyumbani wiki ya mwisho ya Oktoba. Vuli ilichelewa, mke wangu akawa anatoka kila jioni kuutazama upande wa Korogwe. Ilipoanza, ilianza usiku kwa kishindo juu ya bati, na jioni iliyofuata kumbikumbi waliijaza sebule. Nikawapiga picha nikamtumia mjukuu. Akajibu kwa ujumbe mfupi: "Babu, hiyo ndiyo vuli?" Nikamwandikia, "Ndiyo hiyo. Bibi anapanda kesho." Yule kijana wa kidato cha pili sasa atakuwa mtu mzima wa miaka arubaini na kitu, na sijui yuko wapi. Kama ni msomaji wa humu, swali la nne lilikuwa na alama mbili. Ni zako.